Namna ya Kusoma Vibao vya Uganda: St, S/C, H/C, RDC na Vifupisho Vingine Vinavyopoteza Wageni

Vibao vya Uganda ni nadra kuandika neno zima. Bati ni dogo, rangi ina bei, na mchoraji anajua kwamba wenyeji jina wanalo tangu utotoni. Basi anakata: Road inabaki Rd, Primary School inabaki P/S, ofisi nzima ya serikali inabaki herufi tatu na mshale. Mwenyeji anapita bila hata kuangalia. Aliyeshuka basi la usiku kutoka Goma, Bukoba au Kitale ndiye anayesoma herufi kama zilivyo, na herufi zenyewe zinampeleka kwingine.

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Nilikulia Magamaga, kati ya Jinja na Iganga, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa Waacholi, Wateso, Walugbara na Wasoga. Kazi yangu sasa ni kuwatembeza Kampala wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili. Nawapokea wanaposhuka basi, nawapeleka masokoni Kikuubo, Kisekka na Owino, nawatafutia loji, kisha nawarudisha kwenye basi na mizigo yao. Wengine hunipigia simu wakiwa wameshapotea, na mara nyingi chanzo ni kibao walichokisoma kwa ujasiri mkubwa.

Ninachowaambia wote ni hiki: kifupisho hakisomeki peke yake. Tazama kilichokitangulia, tazama kinachokifuata, tazama ni nani aliyeweka kibao, halafu uliza kabla hujatoa nauli. Mengine yote hapa chini ni mifano ya kazi hiyo.

Anza na St na Dr

St ndiyo inayowapoteza wengi zaidi katikati ya Kampala. Ikitangulia jina, ni Mtakatifu. Ikifuata jina, ni mtaa. St. Balikuddembe Market ni soko lililopewa jina la Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa kwanza kuuawa miongoni mwa mashahidi wa Uganda, mwaka 1885. Ben Kiwanuka St, William St na Luwum St ni mitaa.

Sasa Luwum St ina ugumu wake. Mama mmoja wa Kitale, Mwanglikana wa kufunga na kusali, alifika kwenye kona ile akasoma kibao, akaniuliza kanisa liko upande gani. Pande zote mbili ni maduka na arkedi, yaani majengo ya maduka mengi, wapagazi wanapita na marobota kichwani, yeye anatafuta mnara wenye msalaba. Alimjua vizuri Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa Amin, na alijua kwamba tarehe 16 Februari Uganda inapumzika kwa ajili yake. Kwake yeye mchoraji alikuwa amegeuza tu mpangilio: badala ya Mtakatifu Luwum akaandika Luwum Mtakatifu. Nilipomweleza kuwa ni mtaa, akajibu kwamba hata kama ni mtaa, Luwum ni mtakatifu. Hapo sikuwa na la kubisha. Hata Westminster Abbey kule London wameweka sanamu yake miongoni mwa mashahidi wa karne ya 20.

Na lile soko, usilitafute kwa jina la kibao. Ukimwambia bodaboda akupeleke St. Balikuddembe, atafikiri kwanza. Ukisema Owino, ameshawasha pikipiki. Ndivyo ilivyo pia kwa Acacia Avenue kule Kololo. Jina lake rasmi ni John Babiiha Ave, la aliyekuwa Makamu wa Rais wakati wa Obote, lakini watu wa barabarani bado wanasema Acacia. Kwa hiyo kila unapopewa anwani, omba majina mawili, la kibao na la mdomoni.

Dr inafuata kanuni ile ile ya nafasi. Ikianza, ni daktari; ikiishia, ni barabara. Kololo kuna Prince Charles Dr, na nimewahi kumkuta hapo mzee wa Bukoba ameshika shavu, jino linamuuma, anagonga geti moja baada ya jingine akimwulizia daktari Charles. Askari wa geti la tatu ndiye aliyemsaidia, akamwelekeza kliniki ya kweli.

Rd na Ave hazina shida. Cl ni kifupi cha Close, yaani mtaa usiotoboka upande wa pili. Haujafungwa. Unaingia kwa miguu au kwa gari, ila utatokea ulikoingilia.

Off, Opp na ghorofa za arkedi

Off kwenye bango la biashara inamaanisha duka halipo kwenye barabara iliyotajwa. Limejitenga nayo, kwenye njia ya pembeni. Mteja wangu wa Mwanza alikwenda kutafuta duka la mashine za kusaga, akaona bango limeandikwa OFF JINJA RD, akanipigia simu kwa masikitiko kwamba wenye duka wako off leo, turudi kesho. Duka lilikuwa wazi, hatua chache nyuma ya mgongo wake. Ukiona Off, tafuta njia ndogo inayotoka kwenye barabara hiyo kubwa, uifuate.

Opp. ni mkabala na. Simama kwenye jengo lililotajwa, ligeuzie mgongo, tazama ng'ambo ya barabara. Wapo wanaomwambia bodaboda awapeleke Opp kana kwamba ni kitongoji. Mwenye boda, kwa kuwa hataki kukosa abiria, anaondoka naye hivyo hivyo. Tahadhari moja tu: mabango mengi hutaja kituo cha mafuta, na vituo vya mafuta hubadilisha majina. Kama hukioni, uliza kilikuwa kinaitwaje zamani.

Plot ni namba ya kiwanja. Jengo lenye vibanda mia linaweza kuwa na Plot moja, kwa hiyo namba hiyo itakufikisha mlangoni tu. Dukani utafikishwa na namba ya duka. Na humo ndani ndimo wengi wanapochoka. Arkedi zina herufi zake: LG, UG, L1, L2. LG (Lower Ground) ni sakafu ya chini kabisa, UG (Upper Ground) ni ile iliyo juu yake, halafu L1 na kuendelea. UG hapo haihusiani na Uganda, ingawa magari ya serikali nayo hubeba UG kwenye namba zao.

Tatizo ni vilima. Kampala imejengwa mteremkoni, na jengo moja linaweza kuwa na mlango kwenye mtaa wa juu na mwingine kwenye mtaa wa chini. Ukiingia kwa mlango wa juu unaweza kuwa uko L2 na hujapanda ngazi hata moja. Mteja akiniambia "nimepanda ghorofa mbili, duka L2-14 halipo," namuuliza kwanza aliingilia wapi. Kwa hiyo usianze kuhesabu ngazi. Muulize askari wa mlangoni hapo mlipo ni levo gani, kisha ndipo uhesabu.

Nje ya arkedi, kule Kikuubo, kuna kifupisho kimoja ambacho sichoki kukieleza: G/NUTS. Mfanyabiashara wa vipuri kutoka Kisangani alimtuma mdogo wake atafute nati za magurudumu. Kijana akaona kibao G/NUTS 50KG, akaamini G ni daraja la ubora, akauliza bei ya kilo hamsini, akaona ni rahisi ajabu, akalipa. Alipofungua gunia mbele ya kaka yake zilikuwa karanga, nyekundu, nzuri, zilizochambuliwa vizuri. Kaka mtu alikaa kimya kidogo, kisha akachukua moja akaitafuna. Karanga zile walikula safari nzima ya kurudi. Nati na vipuri, nenda Kisekka. G/nuts Uganda nzima ni karanga.

Ukitoka mjini, vibao vinajaa mikwaju

Ukivuka Mukono kuelekea Jinja, au Mpigi kuelekea Masaka, kila mita kadhaa kuna kibao chenye mkwaju (/) katikati ya herufi. P/S ni shule ya msingi. S/S au SSS ni sekondari. Hizo pita nazo.

Simama kwenye S/C. Ina maana mbili, na zote mbili ziko barabarani. Kwenye tangazo la vyumba, S/C ni chumba chenye bafu na choo ndani. Kwenye kibao cha serikali, S/C ni gombolola, ngazi ya utawala inayokaribiana na kata ya Tanzania. Dereva mmoja wa Mwanza, gari limeharibika jioni upande wa Iganga, aliona kibao chenye jina la mahali, kisha S/C HQTRS, kisha 2KM na mshale. Alisoma S/C akafurahi: loji, bafu ndani, kilomita mbili tu. Akachukua boda na begi lake na taulo ameshaitoa. Kule ndani alikuta majengo ya ofisi yamefungwa, bendera imeshushwa, mbuzi wamelala barazani, na mlinzi mzee na tochi yake. Alimuuliza mlinzi bei ya chumba. Mzee naye, kwa heshima, akamjibu kwamba chumba cha mikutano hulipiwa asubuhi kwa mweka hazina. Walijadiliana bei kwa muda kabla ya kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia jambo lake. Mlinzi akampa mkeka, akalala salama.

Namna ya kutofautisha: S/C ya gombolola hutanguliwa na jina la mahali na mara nyingi hufuatwa na HQTRS, yaani makao makuu. S/C ya chumba hukaa karibu na ROOMS, LODGE au bei.

T/C nayo ina pande mbili. Inaweza kuwa trading centre, yaani kituo kidogo cha biashara kando ya barabara, maduka na wachoma gonja, yaani ndizi, au baraza la mji mdogo lenye ofisi. Kama unatafuta chakula, yoyote itakufaa. Kama unatafuta ofisa, uliza.

Halafu kuna herufi zinazotaja waliojenga shule. C/U au C.O.U. ni Kanisa la Uganda, Waanglikana. R/C ni Wakatoliki. SDA ni Wasabato. UMEA ni jumuiya ya elimu ya Waislamu wa Uganda, na hii ndiyo inayowasimamisha Waswahili. Utasikia utingo amechungulia dirishani, anauliza shule hii imemea wapi. Lugogo, Kampala, atakutana na UMA, na swali jingine litafuata. UMA ni chama cha wenye viwanda. Uwanja wao wa maonyesho ndipo yanapofanyika maonyesho makubwa ya biashara ya kimataifa kila Oktoba. Karibu na hifadhi kama Ziwa Mburo ataona UWA, akasita kushuka garini. Hiyo ni mamlaka ya wanyamapori. Kwenye msitu wa Mabira, karibu na Najjembe wanapouza kuku wa kuchoma kwenye vijiti, CFR ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu. Kuku nunua, miti usiguse.

Jina moja lilienda kinyume na hayo yote. UMEME, kampuni iliyosambaza umeme nchini tangu 2005 hadi mwisho wa Machi 2025, halikuwa kifupisho kabisa. Lilikuwa neno letu. Kazi hiyo sasa inafanywa na UEDCL ya serikali, lakini watu bado watakuambia wanakwenda kulipia umeme kwa Umeme.

Na mzee wa kijijini akikuelekeza kwa RC, usimfikirie padri. Kabla ya Katiba ya 1995, mabaraza ya vijiji yaliitwa RC. Leo ni LC, na kibao cha mwenyekiti wa kijiji kitasema LC1, wakati mwingine LCI kwa namba ya Kirumi. Mtafute mapema ukitaka kupanga chumba kwa muda mrefu, maana barua yake ndiyo utakayoulizwa kwanza.

H/C: hapa usibahatishe

Hii nataka uisome polepole. H/C ni kituo cha afya, na namba inayofuata ni ya Kirumi. Utingo wa Mombasa aliwahi kuniambia Uganda wamejitahidi sana, amepita kituo cha afya namba mia moja na kumi na moja. Alikuwa ameona H/C III. Hilo tulicheka. Lakini kuna kosa la pili ambalo halichekeshi: kudhani kwamba II ni bora kuliko IV kwa sababu nafasi ya pili ni juu ya nafasi ya nne.

Ni kinyume chake. Namba ikipanda, huduma zinapanda. H/C II iko ngazi ya parokia (si ya kanisa, ni ngazi ya utawala chini ya gombolola), na hutibu wagonjwa wanaokuja na kurudi nyumbani, homa na majeraha madogo. H/C III iko ngazi ya gombolola. Ina wodi ya wazazi na maabara. H/C IV imekusudiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, ndipo mama mwenye uchungu uliokwama anaweza kupasuliwa. Juu yake ni hospitali. Mkenya alinganishe na Level 2, 3 na 4 za kwao, zinakaribiana sana. Mtanzania afikirie zahanati, kituo cha afya, na kuendelea.

Nina dada mmoja kutoka Goma ambaye shemeji yake alimpeleka mke wake H/C II akiacha barabara ya kwenda IV, kwa sababu hiyo hiyo ya nafasi ya pili na ya nne. Muuguzi aliyewapokea alitazama mara moja tu, akawaombea gari. Mtoto alizaliwa salama kwenye IV, lakini muda uliopotea ulikuwa mrefu kwa mama aliye katika hali ile. Ukiwa na mjamzito, majeruhi wa ajali au mtoto anayehema vibaya, pita II, tafuta IV au hospitali, hata kama ni mbali kidogo. Vituo vya serikali vya ngazi hizi havitozi ada ya matibabu tangu 2001, ingawa dawa zinaweza kuisha ukalazimika kununua nje, kwa hiyo beba akiba.

Kwa Wakongo: H/C si HCR iliyofutika herufi ya mwisho. Shirika la wakimbizi hapa huandikwa UNHCR, na anayekuandikisha kama mkimbizi ni serikali, kupitia OPM, ofisi ya Waziri Mkuu. Kambini Nakivale herufi OPM utaziona hadi kwenye malori.

RDC

Ndugu zangu wa Kongo, hiki ndicho kifupisho cha kukishika kabla ya vyote. Kwa Kifaransa RDC ni nchi yenu. Uganda, RDC ni Resident District Commissioner, mtu anayeteuliwa na Rais kumwakilisha wilayani, na ndiye anayeongoza kamati ya usalama ya wilaya. Kila wilaya ina ofisi yake na kibao: OFFICE OF THE RDC. Kwenye majiji utaona RCC, cheo kile kile.

Kijana wa Rutshuru aliyeingia kwa Bunagana alipoteza karatasi zake za kusafiria ndani ya teksi. Kufika Kisoro mjini akaona kibao hicho, akamshukuru Mungu kwamba taifa lake limemtangulia. Akaingia, akasalimia kwa Kifaransa, akaanza kueleza kwa Kiswahili: nimepoteza, mpakani, usiku, watu siwajui. Katibu aliposikia maneno hayo akamwita ofisa wa usalama, kwa kuwa wanaoingia ofisi ile na maneno kama hayo huwa wameleta habari nzito. Kijana akapewa kiti, akapewa chai, watu wawili wakaandika kila alichosema. Alinieleza baadaye jinsi alivyoguswa na namna ubalozi unavyojali raia wake. Walipomuuliza nani kamtuma, akajibu hakutumwa na mtu, anataka tu balozi amwandikie karatasi nyingine. Ndipo kicheko kikaanza upande wa pili wa meza, kikamfikia na yeye. Wakampeleka polisi achukue ripoti ya kupoteza mali, kisha uhamiaji.

Njia ya haraka ya kujua uko wapi ni kutazama bendera. Nyeusi, njano na nyekundu na korongo katikati, hapo ni Uganda na RDC ni ya wilaya. Bluu ya anga yenye nyota ya njano na mstari mwekundu wa mshazari, hapo ni Kongo. Ubalozi wenyewe uko Kampala, mtaani Kololo.

Mpakani penyewe utaona OSBP. Si benki wala kampuni ya usafirishaji. Ni kituo kimoja cha mpakani: unahudumiwa mara moja, upande wa nchi unayoingia. Anayetoka Tanzania kwa Mutukula, au Kenya kwa Busia na Malaba, anagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia upande wa Uganda. Usipange foleni upande unaoondoka, utasubiri bure.

M, K na Ft

Kwenye bango la ardhi, M ni milioni. Kwenye kibao cha barabara, m ni mita, na kwa kawaida ina mshale karibu. Hakuna mshale, hakuna mita.

Mzee wa Bukavu alikuta ubao umepigiliwa msumari kwenye mfenesi, barabara ya kutoka Mukono: PLOT 50X100 25M. Alihesabu hatua ishirini na tano kutoka kwenye mti, kwa uangalifu, akafika katikati ya shamba la maharage la bibi mmoja. Akamsalimia, akamsifu kwa kiwanja kizuri, akaulizia hati. Bibi aliacha jembe. Ilichukua simu yangu na jirani anayejua Kiswahili kumtuliza. 50X100 ni futi, kipimo cha kawaida cha kiwanja hapa, na 25M ilikuwa shilingi milioni ishirini na tano. Na kwa kuwa umeshafika kwenye ardhi: Buganda kuna ardhi ya mailo, ambapo mwenye hati anaweza kuwa mmoja na mwenye kibanja anayeishi juu yake akawa mwingine. Usilipe kabla ya kuwaona wote wawili, na kabla ya kutafuta hati hiyo kwenye ofisi ya ardhi.

K kwenye bei ni elfu. Bodaboda akisema 5K hazungumzii umbali. Ft. Portal haina uhusiano na futi. Ni mji wa Fort Portal, jiji tangu 2020, na konda ataita "Fort" tu. K'LA kwenye kioo cha teksi ni Kampala, na EBB ni Entebbe.

Namna ya kuuliza

Kwanza salamu. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini Kampala wapo wazee ambao Kiswahili kinawakumbusha wanajeshi wa miaka migumu. Mimi niliyezaliwa nacho kambini naliona hilo usoni mwao, na ninaliheshimu. Anza na "Gyebale ko, ssebo" kwa mwanaume au "Gyebale ko, nnyabo" kwa mwanamke, kisha endelea na Kiswahili chako. Uso utafunguka.

Pili, usiulize swali la ndiyo. Ukisema "hii ni njia ya hospitali?" utajibiwa ndiyo kwa adabu, hata na asiyejua. Sema "kibao hiki kinasema nini?" au "hapa mbele kuna nini?" Muulize mwenye duka, kisha bodaboda aliye kwenye steji yake, si yule anayepita. Wakikubaliana, nenda.

Tatu, piga picha ya kibao na uitume kwa mwenyeji wako kabla hujasogea; herufi zikisomwa kwa simu hugeuka, S/C inasikika kama SC na RDC kama DRC. Lakini karibu na kibao chenye UPDF, ambayo ni jeshi, kwenye vituo vya polisi, au kwenye bwawa la Nalubaale pale Jinja, usitoe simu. Hapo nakili herufi kwenye karatasi kama zilivyo, pamoja na mikwaju, nukta na mshale unaelekea wapi, halafu sogea mbali na geti ndipo upige simu. Ukipotea kabisa usiku, mwambie bodaboda CPS, kituo kikuu cha polisi, au piga 999, na uwaambie jina la mdomoni la mahali ulipo.